Tusiusahau mji wa Benaco

Mtu arudipo mahali alipopata kuishi hutafuta vitu vitatu: nyumba aliyolala, njia aliyozoea kupita, na uso wa mtu anayemjua. Sisi tuliporudi Benaco, wilayani Ngara, tulikipata kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Nyumba haikuwapo, na njia ilikuwa imemezwa na mashamba. Tuliupata uso mmoja, wa bibi aliyetupokea nyumbani kwake miaka ile, na ni kwa sababu yake tunayaandika haya leo.

Tulitoka Biharamulo mjini asubuhi, tukaliacha nyuma lile boma kongwe la Wajerumani, tukashika njia ya Lusahunga. Kutoka Lusahunga hadi daraja la Rusumo ni kilometa 92. Tunaikumbuka miaka ambayo safari katika misitu hiyo haikuwa ya kufanywa peke yako. Magari yalikusanywa pamoja, yakasindikizwa na askari polisi wenye bunduki kwa hofu ya majambazi. Safari hii tulipita kwa amani. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na anayepita hapo sasa husikia habari za watalii pale tulipozoea kusikia habari za risasi.

Benaco yenyewe ni njia panda. Barabara moja yaelekea Rusumo na Rwanda, nyingine Ngara mjini na mpaka wa Burundi, na nyingine Karagwe. Malori ya mizigo hupumzika hapo, madereva hula, hulala na kuendelea na safari. Jina la mahali hapo si la Kihangaza wala la Kishubi. Ni la kampuni ya Kitaliano iliyopata kupiga kambi hapo wakati wa ujenzi wa barabara. Kijana aliyetuuzia chai alilijua vizuri jina hilo, lakini hakujua kwamba mahali alipoweka birika lake palipata kuwa na mji.

Basi na tuikumbuke habari hiyo. Tarehe 28 Aprili 1994 watu wa Rwanda walianza kulivuka daraja jembamba la Rusumo wakikimbia vita. Kwa hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, watu wapatao 250,000 waliingia nchini mwetu kwa muda wa kama saa 24. Sensa ya mwaka 1988 ilikuwa imeonyesha kwamba wilaya nzima ya Ngara haikuwa na watu laki mbili. Maana yake ni kwamba wageni walioingia kwa usiku na mchana mmoja walikuwa wengi kuliko wenyeji wote waliohesabiwa humo miaka sita kabla. Baada ya Benaco kujaa zikafunguliwa kambi nyingine, zikiwamo Lumasi, Musuhura na Lukole. Watu wakawa wakiiita Benaco mji wa pili kwa ukubwa katika Tanzania, baada ya Dar es Salaam.

Nasi tuliishi kando ya mji huo, katika nyumba ya udongo ya yule bibi. Asubuhi moshi wa maelfu ya mafiga ulikizuia kilima cha pili kuonekana. Maturubai ya bluu yalitanda mpaka upeo wa macho. Watu walipangwa kwa kufuata wilaya walizotoka, hata jirani wa Rwanda akawa jirani wa Benaco. Palikuwa na soko, vinyozi, mafundi cherehani, wachinjaji na walimu waliofundisha watoto chini ya miti, wakati miti ilipokuwapo. Kihangaza na Kinyarwanda ni lugha za ndugu, hivyo wenyeji na wageni walielewana bila mkalimani.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Ngara waliutimiza msemo huo kama ulivyo. Wageni walishika majembe katika mashamba ya migomba ya wenyeji, wakapata ndizi za kuongezea mahindi na maharage ya posho. Lakini wenyeji nao walilipa gharama kubwa. Mashamba na malisho yalikaliwa na kambi. Kuni zilikwisha, akina mama wakawa wanatembea saa nyingi kutafuta mzigo mmoja. Wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo waliwindwa mpaka wakapungua sana. Yote hayo yaliwapata watu ambao hawakuulizwa kama wako tayari kuupokea mji mzima mlangoni mwao.

Hatutaki kuyapamba yaliyopita kwa sababu tu tulikuwa vijana wakati huo. Benaco haikuwa mahali patakatifu. Miongoni mwa waliovuka daraja wakiwa na njaa na watoto mgongoni walikuwamo pia watu waliovuka na damu mikononi. Wiki chache kabla, upande wa pili wa mto, watu walikuwa wamechinjwa kanisani Nyarubuye. Maiti zilionekana zikipita chini ya daraja la Rusumo, zikichukuliwa na Mto Kagera kuelekea Ziwa Viktoria. Viongozi waliotuhumiwa kwa mauaji hayo walikuwa na amri ndani ya kambi, na baadhi ya watuhumiwa wa namna hiyo walifikishwa baadaye mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha. Aliyekaa Benaco alikaa jirani na aliyeonewa na jirani na aliyeonea, na mara nyingi hakuweza kuwatenganisha.

Mji huo ulikufa upesi kama ulivyozaliwa. Tarehe 5 Desemba 1996 ilitolewa taarifa ya pamoja ya Serikali yetu na Shirika la Wakimbizi kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi huo. Wengi walijaribu kwanza kukimbilia ndani zaidi ya nchi yetu, wakarudishwa na majeshi na polisi. Kisha barabara ya Rusumo ikajaa watu tena, safari hii wakielekea kwao. Karibu nusu milioni waliondoka katika kambi za Ngara na Karagwe. Warundi walibaki Lukole mpaka kambi hiyo nayo ilipofungwa katika miaka ya 2000. Mvua zikanyesha, nyasi zikaota, wenye mashamba wakarudi kulima.

Sasa twaja kwenye neno letu. Tulizunguka Benaco tukitafuta alama yoyote inayomwambia mpita njia kwamba hapa palikuwa na mji, hatukuiona. Waganda wametushinda katika jambo hili. Maiti zile zilizopita chini ya daraja la Rusumo zilifika mpaka pwani zao za Ziwa Viktoria, nao wakazizika kwa heshima na kuweka makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo. Watu waliopokea wafu wameweka alama. Sisi tuliopokea walio hai hatujaweka hata jiwe.

Wapo watakaosema kwamba ni heri kusahau, kwa kuwa kambi ile ilificha wauaji na mwisho wake haukuwa mzuri. Sisi hatukubaliani nao. Jiwe la kumbukumbu si nishani, wala halimsifu aliyeua. Linasema tu kwamba jambo hili lilitokea hapa, tarehe fulani, na watu fulani walibeba mzigo wake. Taifa lililozoea kusifiwa kwa ukarimu halina budi kukumbuka nani hasa aliutoa ukarimu huo. Hautoki katika hotuba za mijini. Ulitoka katika migomba na visima vya wakulima wa Ngara.

Tena lipo jambo la watoto. Waliozaliwa Benaco kati ya mwaka 1994 na 1996 ni watu wazima sasa, nao wana haki ya kujua walikozaliwa. Tangu lilipofunguliwa rasmi daraja jipya la Rusumo, Aprili 2016, kuvuka mpaka kumekuwa rahisi kuliko zamani. Mtu wa namna hiyo akija leo kuuliza ilikuwa wapi kambi aliyozaliwa, ataonyeshwa nini? Ataonyeshwa kituo cha malori.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu, na zote hazihitaji fedha nyingi. Kwanza, Halmashauri ya Wilaya ya Ngara iweke jiwe katika njia panda ya Benaco, lenye tarehe na idadi, kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Pili, makaburi ya wakimbizi waliokufa kwa maradhi kambini yatafutwe kwa msaada wa wazee wanaoyajua, yawekewe mipaka kabla jembe halijayapitia yote. Tatu, wazee wenyewe wahojiwe na maneno yao yahifadhiwe. Wilaya hiyo ina Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji, na jina lake lina maana ya tumaini. Inao uzoefu wa kazi hiyo, na walimu wa shule za jirani wanaweza kusaidia.

Kazi hii haiwezi kungoja. Bibi yetu sasa anatembea kwa mkongojo na macho yamepungua nguvu. Alipotutambua kwa sauti, hakutuuliza habari za mjini wala za kazi. Alitaka kujua kama katika safari zetu tulipata kusikia habari za mama mmoja wa Kinyarwanda aliyelima naye shamba la maharage kwa misimu miwili, akaondoka Desemba ile bila kuaga kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuaga. Tulimwambia kwamba hatukusikia lolote. Akatuonyesha kwa fimbo mahali lilipokuwa turubai la jirani yake huyo, hatua chache kutoka migombani.

Yeye anapajua bado. Tuandike wakati yupo wa kutuonyesha.