Sophie Okonedo anastahili nafasi katika masomo yetu

Katika Idara ya Kiingereza tunasoma tamthilia za Shakespeare kwenye karatasi za fotokopi. Tunazichambua mstari kwa mstari, tunafanya mtihani, kisha tunaziweka kando. Ni wachache kati yetu waliowahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwa mwigizaji. Nilipopendekeza kazi yangu ya mwisho wa masomo iwe juu ya mwigizaji mmoja wa Uingereza, nilirudishiwa swali fupi: hiyo ni fasihi, ama ni sinema? Naandika hapa kulijibu mbele ya wote, maana halinihusu mimi peke yangu. Jibu langu ni hili: kitivo cha lugha kisichochunguza sauti ya mtu anayesema kinasoma nusu tu ya lugha. Na kama tunahitaji mfano wa kuanzia, Sophie Okonedo anatosha.

Alizaliwa London mwaka 1968, baba yake Mnaijeria, mama yake Mwingereza wa Kiyahudi. Alikulia Wembley, katika majengo ya watu wa kipato kidogo, kisha akasomea uigizaji katika chuo cha RADA. Filamu yake ya kwanza ilikuwa Young Soul Rebels ya Isaac Julien, mwaka 1991. Miaka minne baadaye alionekana katika Ace Ventura: When Nature Calls, kichekesho cha Kimarekani ambamo anacheza binti wa mfalme wa kabila la Kiafrika. Kabila lenyewe halipo duniani, limebuniwa ili watazamaji wacheke. Naitaja filamu hiyo kwa makusudi, kwa sababu inaonyesha mlango uliokuwa wazi wakati ule kwa mwigizaji mweusi kijana aliyetaka kuonekana katika sinema kubwa: Afrika ya mzaha, isiyo na lugha wala historia.

Sasa tuone alikofika kutoka hapo. Mwaka 2002, katika Dirty Pretty Things ya Stephen Frears, anacheza Juliette, mwanamke anayeuza mwili wake katika hoteli moja ya London. Ndiye anayemtuma mfanyakazi wa usiku, daktari Mnaijeria aliyegeuzwa karani wa hoteli, akaangalie chumba ambamo jambo baya limetendeka. Nafasi ni ndogo, lakini sikilizeni anavyosema. Kiingereza chake ni cha mitaa ya London, chepesi, chenye utani, cha mtu aliyezoea kutotazamwa usoni. Hakuna kamusi itakayokufundisha kwamba utani wa namna ile ni ngao. Yeye anakufundisha kwa sentensi chache.

Kisha ikaja filamu iliyomfanya ajulikane kwetu, Hotel Rwanda ya Terry George, mwaka 2004. Don Cheadle, Mmarekani, anacheza Paul Rusesabagina, na Okonedo anacheza Tatiana, mke wake Mtutsi. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo tatu za Oscar, na moja kati ya hizo ilikuwa ya Okonedo, kwa mwigizaji wa kike msaidizi. Ukisoma mswada wake kama tunavyosoma riwaya, utaona Tatiana ameandikiwa machache: analia, anaogopa, anasubiri mume. Lakini tazameni pale juu ya paa la hoteli, mume anapomwambia kwamba wauaji wakifika, awashike watoto mkono na kuruka. Maneno makubwa yote ni ya mume. Kazi ya mke ni kuyapokea, na Okonedo anayapokea kwa uso na pumzi, hatua kwa hatua: kwanza hajaelewa, kisha anakataa kuelewa, mwisho anaelewa. Tatiana yule hapatikani katika mswada. Ameongezwa na mwigizaji.

Kwa upande mwingine, sisi watu wa lugha tuna neno la kusema juu ya filamu hiyo, na tusilimeze kwa sababu tumeguswa. Katika Kigali ya 1994 watu walizungumza Kinyarwanda, na ofisini Kifaransa. Katika filamu karibu wote wanasema Kiingereza, tena chenye lafudhi iliyotengenezwa ili masikio ya Ulaya na Marekani yatambue "Afrika" kwa jumla. Redio RTLM, iliyotangaza chuki kwa Kinyarwanda na Kifaransa, nayo inasikika kwa Kiingereza. Neno inyenzi linakuwa jina la mdudu tu, yaani mende. Mtazamaji wa mbali hajui kwamba neno hilo lilikuwa na historia tangu miaka ya 1960, lilipotumiwa kwa wakimbizi waliokuwa wakishambulia kutoka nje ya nchi. Tafsiri imeleta tusi na kuacha historia yake nyuma. Hata mume na mke wanaitana kwa majina matupu, Paul na Tatiana, wakati katika nyumba nyingi za ukanda wetu huu mke aliyezaa angeitwa Mama fulani, na mume Baba fulani. Kwa kuitana hivyo, mtoto anakuwa ndani ya kila sentensi ya wazazi wake. Pale juu ya paa, jina la namna hiyo lingekuwa zito kuliko hotuba nzima.

Na kuna jambo lingine ambalo msomaji wa Kongo hawezi kuliruka. Filamu inamalizika familia ikiwa salama, ikielekea Tanzania. Kwetu, Julai 1994 ndiyo ilikuwa mwanzo, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipovuka mpaka kuingia Goma na Bukavu. Mimi nilizaliwa baada ya hapo, lakini sijakutana na mzee wa mashariki asiyekumbuka siku zile. Mwigizaji halaumiwi kwa pale mwongozaji alipokata hadithi. Ila sisi tunaotazama tuna haki ya kusema kwamba imekatwa wapi, na ni sikio la nani lililofikiriwa wakati wa kukata.

Wenzangu wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanasema mwanamke wa London hakustahili kabisa kucheza Mnyarwanda. Naelewa uchungu huo, lakini siukubali. Tunaipenda Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, na Patrice Emery wetu pale anachezwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye asili ya Kamerun, katika filamu ambayo sehemu kubwa haikupigwa Kongo. Hatukumkataa. Tulimwona Lumumba. Tukimdai Okonedo cheti cha kuzaliwa, tumdai na Ebouaney. Swali zuri zaidi ni la fedha na la lugha: nani analipa, na anataka hadithi isemwe kwa lugha ipi? Hilo halijibiwi na mwigizaji. Linajibiwa na soko, na siku moja, tukijaliwa, na waandishi wa miswada watakaotoka humu humu kitivoni.

Baada ya Hotel Rwanda, Okonedo hakubaki kuwa mwanamke anayelia. Mwaka 2008 alicheza Sandra Laing katika Skin. Hiki ni kisa cha kweli cha msichana wa Afrika Kusini aliyezaliwa na wazazi weupe huku yeye akiwa na ngozi nyeusi zaidi. Serikali ya ubaguzi ilimfukuzisha shule na kumbadilishia rangi kwenye karatasi, kisha ikambadilishia tena. Okonedo anamchukua akiwa kijana hadi utu uzima, na anafanya jambo gumu: Sandra wake anasema kidogo, kama mtu ambaye kila neno lake limewahi kupimwa na afisa. Mwaka 2010, katika Mrs Mandela ya BBC, akawa Winnie, mwanamke wa nchi ileile, anayesema sana, anayejua sauti yake ni silaha. Ukiziweka filamu hizo mbili pamoja unapata somo zima la isimujamii. Nchi ni moja na sheria ni zilezile, ila mmoja amenyang'anywa sauti na mwingine amekataa kunyang'anywa.

Hapo ndipo nafika kwa Shakespeare wetu wa fotokopi. Mwaka 2016, katika mfululizo wa The Hollow Crown, Okonedo alicheza Malkia Margaret, Mfaransa anayeolewa na Henry VI. Anaingia kama bibi harusi kijana na kutoka kama mwanamke mzee anayelaani. Kulikuwa na Waingereza walionung'unika kwamba malkia wa karne ya 15 hakuwa mweusi. Lakini Margaret katika tamthilia ni mgeni anayechukiwa na wenyeji tangu siku ya kwanza, na rangi ya mwigizaji iliwafanya watazamaji waone kwa macho ugeni ambao Shakespeare aliuandika kwa maneno. Mwaka 2018 alicheza Cleopatra katika National Theatre ya London, na mchezo huo ukarushwa katika majumba ya sinema. Miaka minne kabla yake, jukwaani New York, alikuwa amepata tuzo ya Tony kwa kucheza Ruth katika A Raisin in the Sun, mke wa Kimarekani mweusi wa Chicago, aliyechoka na kazi za nyumba za watu.

Hesabuni wenyewe: London ya mitaani, Kigali ya kubuniwa, Afrika Kusini mara mbili, Chicago, malkia Mfaransa, malkia wa Misri. Wanawake hao wote wamesema Kiingereza, na hakuna Kiingereza chao kimoja kilichokuwa "sahihi" kuliko kingine. Kila kimoja kilikuwa sahihi kwa mwenye kukisema. Nalisema hili kwa sababu katika mitihani yetu ya kusema bado kuna mwanafunzi anayechekwa kwa kuwa Kiingereza chake kina harufu ya Kiswahili, Kishi au Kiluba, na mwingine anayesifiwa kwa kuiga sauti ya mtangazaji wa redio hata kama hana la kusema. Lafudhi si cheo. Ni anwani: inaeleza ulikotoka na unayezungumza naye. Mwigizaji mkubwa wa Uingereza ametumia zaidi ya miaka 30 kutuonyesha hivyo, na sisi bado tunachekana.

Najua jibu litakalokuja: uigizaji una shule yake, Institut National des Arts ya Kinshasa, na sisi si waigizaji. Ni kweli. Lakini siombi tufundishwe kucheza. Naomba tufundishwe kusikiliza. Kuna mambo matatu ambayo hayahitaji bajeti. La kwanza, kila tamthilia tunayosoma iambatane na walau onyesho moja tunalolitazama darasani, hata kwenye kompyuta ndogo ya mwalimu. La pili, kazi ya mwisho wa masomo juu ya sauti na uigizaji ipokewe kama kazi ya lugha, kwa masharti yaleyale ya ukali. La tatu, wanafunzi wa tafsiri wapewe onyesho lile la juu ya paa na waambiwe: mrudishieni Tatiana lugha yake, au mpeni Kiswahili chetu, na mtueleze kwa nini mmechagua kila neno.

Kazi hiyo ya tatu niko tayari kuianza mimi mwenyewe. Nimeshakwama kwenye neno la kwanza, lile ambalo mume angemwita mkewe kabla ya kumwambia aruke. Anayeona kwamba hilo ni swali la sinema na si la lugha, tafadhali ajibu katika toleo lijalo.