Bega likiumia, anza na chupa ya maji, si gunia



Leo tuweke pembeni habari za chanjo na mbegu, tuzungumzie kifaa cha kazi ambacho hakuna duka la pembejeo linalokiuza. Ni bega. Mwaka huu limeniumia la kwangu, na tangu nianze kutembea na mkono umefungwa kitambaa shingoni nimegundua wengi wenu mna mabega mabovu ila mlinyamaza tu. Kila ninapopita naambiwa, "Afisa, na langu liko hivyo hivyo, mwaka wa tatu sasa."

Langu liliniponyoka kwenye kibanio. Tulikuwa tunachanja, ndama mkubwa akarudi nyuma kwa nguvu, na mimi kamba nilikuwa nimeizungusha kiganjani, kosa ninalowakataza vijana kila siku. Mkono ukavutwa juu na nyuma, bega likachomoka. Mzee mmoja mwema alitaka kulivuta palepale. Nilimshukuru nikakataa. Kama kuna mfupa umepasuka, au mshipa wa fahamu umebanwa, kuvutwa bila kupimwa kunaongeza madhara. Nilikwenda hospitali, nikapigwa eksirei, likarudishwa na daktari.

Sasa hoja yangu. Sisi huku tuna njia mbili za kumtibu mtu aliyeumia bega, na naona zote zinatuumiza. Ya kwanza ni ya vijana: maumivu yakipungua kidogo tu, anarudi kupakia magunia kwenye Fuso siku ya mnada. Ya pili ni ya watu wazima: mkono unafungwa, unaachwa, hautumiki tena mwaka mzima kwa sababu "bado unauma". Wa kwanza bega linachomoka tena. Wa pili linakakamaa, anashindwa hata kuvaa shati au kujifunga shuka. Kuna njia ya katikati, nayo ni kulipa bega kazi ndogo iliyopimwa, na kuiongeza polepole.

Na njia hii tayari mnaijua. Hakuna mkulima hapa mwenye akili timamu anayechukua maksai aliyechubuliwa na nira, jeraha likafunga leo, kesho akamfunga plau kulima ekari moja. Tunamwanzisha na gogo jepesi, aburuze kidogo, tunaangalia shingo, kesho yake tunaongeza. Lakini pia hatumwachi malishoni miaka miwili tukisema bado anaumwa, maana atasahau kazi. Ng'ombe tunamfanyia hivyo. Mama mwenye nyumba hatumfanyii, naye bega lake ndilo linalobeba maji.

Kwa nini bega ni laini hivi? Kiungo cha nyonga ni mpira uliozama ndani ya bakuli. Bega ni mpira uliokaa juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana unachomoka kirahisi. Kinachoushikilia ni kano, utando unaozunguka kiungo, na misuli minne midogo inayolivuta tufe la mfupa likae mahali pake. Likichomoka, utando unalegea au unachanika. Kano na utando huwezi kuvikaza kwa mazoezi, lakini misuli unaweza. Hapo ndipo penye faida yote ya zoezi. Na vijana nisikilizeni: anayechomoka bega mara ya kwanza akiwa chini ya miaka 20 hivi yuko kwenye hatari kubwa ya kurudiwa kuliko mtu mzima. Mkao mbaya kuliko yote ni ule wa kurusha rungu, mkono juu na nyuma ya sikio. Uepukeni mpaka mruhusiwe.

Mimi ni mtu wa mifugo, si daktari. Haya ninayosema nimefundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na ratiba yako ataipanga anayekutibu, kwa sababu bega lililovunjika au kuchanika kano halifuati siku za bega lililochomoka tu. Langu lilikwenda hivi. Wiki za mwanzo mkono ulikuwa kwenye kitambaa, lakini vidole, kifundo na kiwiko nilivichezesha kila siku. Kisha nikaruhusiwa kuinama, nimeegemea meza kwa mkono mzima, mbovu unaning'inia na kubembea wenyewe kama kengele ya ng'ombe. Baadaye kuutembeza ukutani kwa vidole, kila siku juu kidogo. Nilikuwa naweka alama ya mkaa ukutani. Mke wangu hakufurahi, lakini alama zilipanda.

Nguvu ilianza bila uzito wowote: kiwiko kimebana ubavuni, ngumi inasukuma ukuta, ukuta hauendi popote, nahesabu hadi kumi naachia. Halafu mpira wa ndani wa baiskeli. Usiutafute wa kununua, wa zamani unatosha. Unakatwa ukanda, unafungwa kwenye nguzo imara, unakunja shuka ndogo unaibana kati ya kiwiko na mbavu, mkono umekunjwa, unavuta mpira kwenda nje taratibu na kuurudisha taratibu zaidi. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Zoezi hili linaonekana la kitoto. Layoni wa jirani walinicheka. Siku ya tatu niliwapa mpira wajaribu, mpaka mara ya ishirini hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo ndipo uzito, na hapa nyumba zetu zina mizani nzuri kuliko tunavyodhani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Dumu la lita tano ukilijaza lita mbili una kilo mbili, na kesho kutwa unaongeza kikombe. Hakuna sababu ya kukisia. Uzito niliufanya siku tatu kwa wiki, na siku moja ya kupumzika katikati, kwa sababu misuli inajijenga wakati wa kupumzika. Kipimo changu kilikuwa asubuhi: bega likiamka linauma kuliko jana, narudi hatua moja nyuma. Kuuma kidogo wakati wa zoezi kukaisha jioni, naendelea. Ila ukisikia ganzi mkononi, mkono ukashindwa kabisa kunyanyuka, au bega likateleza, acha zoezi na uende hospitali ya Wasso, usisubiri mnada upite.

Najua mtaniambia: afisa, wewe una mshahara, sisi tukikaa miezi mitatu nani atabeba? Swali ni la haki, na silijibu kwa mazoezi. Jibu liko kwenye mpangilio wa boma. Punda yupo. Abebe maji yote katika miezi hiyo, na madumu yajazwe nusu ili mtoto na mama waweze kuyapandisha mgongoni mwake. Baba wa boma asisubiri kuombwa. Nimeona yeyo mmoja, mkono kwenye kitambaa, kuni mgongoni na mkanda kichwani, na vijana wanne wamekaa kivulini. Nilisema neno pale, sikusikilizwa sana.

Na ninyi wafanyabiashara. Sheria ya Vipimo inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, na mkulima akipunjwa kwa lumbesa tunalalamika kwa ajili ya mfuko wake. Mimi naona hata hizo kilo 100 ni nyingi mno kwa bega la mtu mmoja. Debe la mahindi peke yake ni karibu kilo 18 hadi 20. Mbolea inatufikia kwenye mifuko ya kilo 50 na hakuna biashara iliyokufa kwa hilo. Mtasema mfuko wa ziada ni gharama, na mpakiaji analipwa kwa gunia. Basi alipweni kwa kilo, mizani mnayo. Kijana anayewapakilia leo akichomoka bega, mtamwita mwingine kesho, lakini yeye hatakuwa na kazi nyingine ya kwenda.

Mimi sasa nina miezi minne. Juzi nilibeba dumu la lita kumi kwa mkono ule kutoka bombani hadi mlangoni, nikalishusha mara moja njiani. La lita ishirini bado analibeba punda. Kwenye chanjo ijayo nitashika daftari, na kamba atashika mwingine, bila kuizungusha kiganjani.