Hati za Mke Mgeni Ziandaliwe Mume Angali Hai

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba si ajabu kumkuta mama aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, Uganda au Rwanda, ambaye ameolewa na mwananchi wa hapa, akazaa, akalea, na kukitunza kibanja cha migomba kwa mikono yake miaka ishirini. Ukoo unamtambua. Mahari ilitolewa, wazee wakashuhudia, rubisi ikanywewa. Lakini siku jalada lake linapofika ofisi ya Uhamiaji, rubisi haina mhuri.

Hali hiyo ina historia. Tangu enzi za ukoloni watu wa Bukoba walikwenda Buganda kutafuta kazi, wakaoa na kuoza huko. Uzito wa karatasi ulidhihirika mwaka 2013. Agizo la Julai la kuwataka wageni wasio na vibali waondoke, na Operesheni Kimbunga iliyofuata Septemba katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, vilizikuta nyumba ambamo mume ni raia na mke hana hati yoyote. Baadhi ya familia zilitengana. Serikali ina wajibu wa kuwajua wanaoishi nchini. Lakini mke wa raia hakustahili kuonekana mvamizi kwa kukosa cheti tu.

Sheria yenyewe si kali kama inavyodhaniwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawasawa na ya kanisani, ya msikitini au ya bomani. Inataka iandikishwe, ingawa kutoandikishwa peke yake hakuibatilishi. Shida iko kwenye ushahidi. Ombi la kibali cha mke huambatanishwa na cheti cha ndoa, hati yake ya kusafiria, uthibitisho wa uraia wa mume, picha na barua ya maombi. Kinachokosekana mara nyingi ni cheti cha ndoa, na barua ya mtendaji wa kijiji, hata iwe ya ukweli namna gani, haishiki nafasi yake.

Lililo zito zaidi limo katika Sheria ya Uraia ya 1995. Mwanamke aliyeolewa na raia ana haki ya kuomba uraia kwa ndoa yake wakati wowote mumewe angali hai. Mume akifariki kabla ya ombi kuwasilishwa, mlango huo umefungwa, na asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa uwekezaji. Mjane huyo atasimama wapi shemeji wakikitaka kibanja? Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hakupewa mlango huo hata kidogo, jambo ambalo lingefaa kutazamwa upya na Bunge.

Wa kwanza kuliona tatizo si ofisa wa Uhamiaji. Ni mwalimu mkuu anayemwandikisha mtoto darasa la kwanza, na mtendaji wa kata anayeombwa barua. Hao ndio wa kuwaelekeza wazazi wakaandikishe ndoa wilayani, na kuwakagulia majina yalingane katika kila hati. Kwani huku herufi R iliyoandikwa penye L imekwisha kurudisha majalada mengi. Na wazee walioshuhudia mahari ile waitwe watoe maelezo yao wangali wanakumbuka.