Anayezimia matangani asipepewe tu

MAMA akizimia matangani, watu humpepea kwa leso na kumnyunyizia maji, kisha husema ni simanzi au presha imempanda. Kwa maoni yangu, mazoea haya yanaweza kumgharimu mtu maisha.

Ni kweli kwamba wengi huzimia kwa sababu ya njaa, joto au uchovu. Lakini hakuna awezaye kujua hayo kwa kutazama tu.

Majonzi au habari za ghafla huufanya mwili umwage homoni nyingi za mshtuko, hasa adrenalini. Kwa baadhi ya watu, hali hiyo hudhoofisha misuli ya moyo. Chumba cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini, hutanuka upande wa chini na kushindwa kubana. Madaktari wa Japani walioueleza ugonjwa huu mwaka wa 1990 waliuita takotsubo, yaani mtungi wa kunasia pweza, kwa kuwa moyo huo hufanana na mtungi huo. Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokoma hedhi.

Dalili zake ni kama za mshtuko wa moyo: maumivu ya kifua, kukosa pumzi na kizunguzungu. Tofauti ni kwamba mishipa ya moyo huwa haikuzibwa na damu iliyoganda. Wengi hupona, na moyo hurudia nguvu zake baada ya siku au wiki chache.

Hatari kubwa imo katika siku za kwanza. Umeme unaoongoza moyo huweza kuchelewa kutulia baada ya kila pigo. Hapo mapigo huweza kwenda mbio ovyo ovyo, na moyo ukasimama ghafla. Hatari huzidi potasiamu inapopungua mwilini kwa kutapika au kuhara, au mgonjwa anapotumia dawa zinazochelewesha umeme huo, kama vile erithromaisini, kwinini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili.

Kwa hivyo, anayezimia au kuumwa na kifua baada ya msiba apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, na kila dawa anayotumia itajwe, hata iliyonunuliwa dukani bila cheti.

Nasi madaktari tumpime umeme wa moyo kabla ya kumpa dawa ya usingizi na kumrudisha nyumbani. Kipimo hicho huchukua dakika chache tu. Kikionyesha kasoro, alazwe na mapigo yake yafuatiliwe. Matanga ya mmoja yasizae ya mwingine.