Mkono wa Kulia Ukipooza, Nani Atamfundisha Mama Kutawadha?

Mtu akipatwa na kiharusi, hospitali humwokoa roho, kisha baada ya siku kadhaa hurudishwa nyumbani. Hapo ndipo mashaka yenyewe huanza. Mkono wa kulia umepooza: atakula kwa upi? Atastanji vipi, na mkono mzima umebaki mmoja? Atashikaje kata ya maji ajitawadhe? Sheria imemrahisishia, aweza kusali ameketi au amelala. Lakini wengi wetu tumewaona wazee wakijifungia chumbani kwa haya ya kupelekwa chooni na wakwe zao, wala si kwa maradhi.

Ipo taaluma inayoshughulika na mambo hayo hasa. Serikalini huitwa tiba kwa vitendo. Fiziotherapia hutafuta nguvu na mwendo wa viungo. Tiba kwa vitendo huanzia katika jambo ambalo mgonjwa anataka kulitenda. Mtaalamu hulitenga jambo hilo hatua kwa hatua, humfundisha mgonjwa njia nyingine, au hubadilisha chombo na mahali: mpini wa kijiko huviringishiwa kitambaa, ndoo huinuliwa juu ya kigoda, mti wa kushikia hufungwa ukutani. Kwa mvuvi wa Bagamoyo zoezi la vidole laweza kuwa kushona nyavu. Kwa mama wa Mlingotini, kufunga mwani kwenye kamba. Kwa bibi, kukuna nazi au kusuka ukili.

Taaluma hii ilipata nguvu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na chama chake cha Marekani kiliundwa mwaka 1917. Hata hivyo vitendo vyake havina budi kuwa vya mahali anapoishi mgonjwa. Kijana aliyelelewa katika nyumba zetu hahitaji kuelezwa kwa nini mzee anakataa kutia mkono wa kushoto katika sinia. Tena, kazi inayohusu kuoga na kuvaa, mama mwenye stara atataka afundishwe na mwanamke mwenziwe. Nao wazazi wenye watoto wa mtindio wa ubongo, ambao hutoka huku kwenda CCBRT kule Msasani, safari ya kilomita zipatazo 70, wangefurahi kumpata mtaalamu karibu.

Basi mtoto afuate njia gani? Stashahada hufundishwa KCMC, Moshi, kwa miaka mitatu. Shahada ipo Chuo Kikuu cha Muhimbili, Upanga, na huhitaji fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha sita. Tunajua baadhi ya wazazi husita wanapoona KCMC ni hospitali ya Kikristo. Hatuoni kuwa hilo ni sababu ya kumnyima binti elimu. Ni hospitali ya rufaa ya kanda, na Moshi ina misikiti na Waislamu wa kumpokea. Mzazi atafute mapema nyumba ya kuaminika ya kukaa.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yetu, kiko nyuma zaidi. Stashahada hutaka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwamo baiolojia, kemia na fizikia. Alama nzuri ya Maarifa ya Uislamu, pamoja na heshima yake yote kwetu, haihesabiwi hapo. Mwanafunzi aliyeachia fizikia na kemia alipoingia kidato cha tatu amekwisha kuufunga mlango huu akiwa na miaka 15 au 16, mara nyingi bila mzazi kuulizwa.

Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, za afya zikiwamo. Mwongozo wa kila mwaka ndio usomwe. Waliokuwa wakiikwepa mikopo hiyo kwa ajili ya tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya fedha wajue kuwa ilifutwa mwaka 2021. Masharti yaliyosalia wayapeleke kwa masheikh wao, si kwa majirani.

Matokeo ya kidato cha pili hutoka Januari. Mzazi aende shuleni wiki hiyohiyo, kabla mtoto hajapangiwa masomo.