Mfanyakazi wa wakala ana mabwana wawili ila hana mtetezi

KATIKA Eneo la Viwanda jijini Nairobi, si ajabu kuwakuta watu wawili wakiendesha mitambo ya aina moja kwa saa zile zile, ilhali mmoja ameajiriwa na kiwanda na mwenzake ameletwa na wakala. Wa kwanza ana likizo na chama cha kumtetea. Wa pili ana kandarasi ya miezi mitatu ambayo huenda isiongezwe.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Uajiri ya 2007 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Shabaha ilikuwa kukomesha ubarua usiokwisha. Baadhi ya waajiri, hata hivyo, waliona upenyo: ukimwachia wakala jukumu la kuajiri, kibarua si wako tena, ingawa jasho lake ni lako.

Hasara ya pili haionekani kwa urahisi. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inamtaka mwajiri atambue chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga nacho. Wafanyakazi wa kiwanda kimoja wakigawanywa miongoni mwa mawakala watatu, wingi huo utapatikana wapi? Haki ya kujiunga na chama iliyomo katika Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 hubakia maandishi matupu.

Suala hili si la viwandani pekee. Mnamo 2022, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja picha na video za kutisha za Facebook jijini Nairobi aliishtaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri. Mwaka uliofuata, wenzake zaidi ya 180 walielekea kortini baada ya kupoteza kazi. Meta ilijitetea kuwa haikuwa mwajiri wao na kwamba haiendeshi shughuli zake nchini. Mnamo Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba inaweza kushtakiwa humu nchini.

Cha kushangaza ni kwamba mwaka uo huo Seneti ilipokea mswada wa kurekebisha sheria za biashara, uliopendekeza kampuni inayotoa kazi za kidijitali kwa wakala isishtakiwe na wafanyakazi wa wakala huyo. Mlango uliofunguliwa na majaji ulitafutiwa kufuli na wanasiasa, kwa hoja ya kuvutia wawekezaji.

Hakuna anayepinga kwamba wakala ana manufaa yake. Msimu wa mavuno au wa maagizo mengi huhitaji mikono ya ziada kwa muda mfupi. Lakini kazi inayofanywa mwaka nenda mwaka rudi si ya msimu, na anayeifanya si mgeni.

Suluhisho si kuwapiga mawakala marufuku. Bunge litunge sheria inayowafanya wakala na kampuni inayonufaika wawajibike kwa pamoja kuhusu mshahara, fidia ya majeraha na malipo ya kuachishwa kazi. Aidha, Wizara ya Leba iwatume wakaguzi viwandani badala ya kungoja malalamishi, kwani anayehofia kandarasi yake isiongezwe hathubutu kulalamika.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sheria isiwe ndiyo inayompokonya hata hilo gae.