Ziwa Rukwa halina pa kutapikia

VIJANA wengi wa Tunduma na Vwawa wamewahi kwenda kusaka maisha machimboni, iwe Saza, Mkwajuni au kule Chunya. Mchezo wanaujua. Mawe yanasagwa karashani, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inafikichwa kwa mikono mitupu, kisha donge linachomwa. Dhahabu inabaki. Moshi anauvuta mchomaji, na zebaki iliyosalia kwenye marudio inasubiri mvua iisombe mpaka mtoni.

Mto gani? Lupa na Songwe. Si ule Songwe wa mpakani na Malawi uendao Ziwa Nyasa, bali huu unaoingia Rukwa. Hapo ndipo penye balaa, kwa sababu Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake yanakaushwa na jua, lakini zebaki inalala kwenye tope. Humo vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, samaki wadogo huila, wakubwa huwala wadogo, na safari inaishia kwenye sahani yako.

Tusidanganyane kwamba haya ni hadithi. Mwaka 1956, kule Minamata, Japani, iligundulika kuwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki ya kiwanda walikuwa wakitetemeka na kupooza. Watoto walizaliwa na vilema. Tanzania iliridhia mkataba wenye jina la mji huo mwaka 2020. Na tangu 2004 Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inakataza shughuli za kuharibu kingo za mito na maziwa ndani ya mita 60. Karatasi tunazo tele!

Sasa wakubwa wasituambie dawa ni kumkimbiza mlalahoi mwenye sururu. Huyo ndiye anayeumia wa kwanza. Zebaki haioti porini; ina mwagizaji na ina muuzaji. Waanze na hao.

Tunataka NEMC na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa wapime maji, tope na samaki kila masika, na matokeo yabandikwe mialoni na sokoni, kwa Kiswahili. Wachimbaji nao wapewe vyombo vya kuchomea vyenye mfuniko, vinavyonasa moshi wa zebaki.

Mla samaki wa Rukwa ana haki ya kujua anakula nini. Tunasubiri majibu, si semina.